Mechi ya Amana kwenye Mashine Namba Nne

24 Juni

Naanza daftari hili siku ile ile niliyokabidhiwa kazi, ili nitakapoulizwa baadaye jinsi nilivyoifanya, nijibu kwa maandishi na si kwa kumbukumbu. Mimi, Tauqeer Mahmood, mhitimu wa shahada ya uzamili katika takwimu, nimeteuliwa kwa majaribio kuwa katibu wa Baraza la Mashindano ya Michezo ya Video la Lahore. Nimepewa swali moja na wiki saba: katika mchezo wa mapigano, ni nani mchezaji mkubwa kuliko wote aliyepata kutoka katika mji huu? Tarehe 14 Agosti, Siku ya Uhuru, jina lake litachongwa kwenye kombe jipya, na kombe litaitwa kwa jina hilo daima.

Mwenyekiti wetu, Bi Nuzhat Rizvi, hakunificha kitu. "Ripoti ikisimama, kiti hicho ni chako," alisema. "Ikianguka, tutakushukuru kwa barua nzuri."

Itasimama.

27 Juni

Nimekamilisha kanuni. Ina vipimo vinane, kila kimoja kikiwa na uzito wake: mataji, mashindano ya ng'ambo, wapinzani mashuhuri walioshindwa, miaka ya kudumu kileleni, na vinginevyo ambavyo nimeviorodhesha katika kiambatisho. Imtiaz Gondal, anayejulikana kama Tufani, anaongoza kwa alama tisini na nne. Pengo kati yake na wa pili ni kubwa kiasi kwamba sioni nafasi ya ubishi.

Uadilifu wa kazi unanidai niandike pia kwamba wa tisa, kwa alama thelathini na moja, ni kaka yangu Nauman. Ana kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa Hall Road. Alicheza zamani, kabla baba hajafariki. Nyumbani hatulizungumzii jambo hilo, nami nimekua nikidhani kwamba hakuna cha kuzungumza. Nilimjulisha Bi Nuzhat kuhusu undugu huo.

"Wa tisa?" akasema, bila kuinua macho. "Basi hakuna atakayekushuku."

30 Juni

Joto nyuzi arobaini na nne. Umeme umekatika mara sita.

3 Julai

Leo nimefanya kosa ambalo afadhali nilieleze lote.

Nilikwenda mtaa wa Ichhra, kwenye ukumbi wa mashine wa Ami Rafaqat, ambako wachezaji wote tisa wa orodha yangu walijifunzia. Nilitaka kuongezea ripoti aya moja juu ya chimbuko lao. Ukumbi ni chumba kirefu chenye mashine sita, mapangaboi mawili na harufu ya chai iliyochemka kupita kiasi. Anayetaka kucheza huweka tokeni yake, sarafu ya kuchezea, kwenye ukingo wa mashine, chini ya kioo, na hiyo ndiyo foleni. Mshindi hubaki kitini. Aliyeshindwa huinuka, na akitaka tena, huweka tokeni nyingine na kusubiri kama mtu yeyote.

Sajjad, fundi cherehani wa duka la jirani, alinipokea na sindano zake bado zimechomekwa kolani. "Eti umekuja kupima nani mkubwa? Andika Tufani uende ukapumzike. Mataji matatu ng'ambo!"

"Ng'ambo!" akafoka Pervaiz, muuza lassi, mtindi ule wa kunywa, ambaye alikuwa ameacha duka lake wazi upande wa pili wa barabara. "Huko kapambana na watu waliomwona mara ya kwanza. Hapa Ichhra, mbele ya Kinyozi, alitokwa jasho mpaka masikioni."

"Kinyozi ni nani?" niliuliza, kalamu ikiwa tayari.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Jamani, msomi anauliza Kinyozi ni nani!" Pervaiz akajishika mbavu. "Si unakula naye sahani moja, bwana? Kaka yako huyo! Hamwangushi mtu kwa pigo moja. Anamnyoa uhai unywele kwa unywele, mpaka mwenzake anajipapasa na kujikuta kipara."

Niliandika jina hilo. Kisha, vijana wawili wakiwa katikati ya raundi kwenye mashine ya pili, umeme ukakatika. Mapangaboi yakafa. Kwa kuwa nilikuwa nimeitazama vizuri mistari ya uhai ya wachezaji wote wawili kwenye skrini, nilisema kwa sauti, nikidhani ninasaidia: "Wa kushoto alikuwa na uhai zaidi. Ushindi ni wake."

Hakuna aliyecheka safari hii. Wale vijana wawili walinigeukia kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Ami Rafaqat, ambaye hajawahi kuonekana akiacha kiti chake cha plastiki, alikiacha.

"Mwanangu, umesoma wapi?"

"Chuo kikuu, Ami."

"Na huko umeme haukatiki?"

Ndipo nikaelezwa. Umeme ukikatika katikati ya mechi, wachezaji hawainuki. Huletewa chai, wakanywa pamoja, kikombe cha kwanza na cha pili. Umeme ukirudi kabla ya kikombe cha pili kwisha, mechi inaendelea. Usiporudi, mechi inakuwa amana: hakuna mshindi, na ni lazima imaliziwe kwenye mashine ile ile, na watu wale wale. Tangu siku hiyo wachezaji hao hawaruhusiwi kusema nani alikuwa anaongoza, hata kwa wake zao.

"Na watazamaji?" niliuliza.

"Watazamaji wana mdomo tu," Ami akajibu. "Na hawa wawili, Sajjad na Pervaiz, wamebweka miaka kumi na moja."

Maana iko mechi ya amana ambayo haijamaliziwa. Miaka kumi na moja iliyopita, msimu wa mvua kama huu unaokuja, mashine namba nne: Tufani na Kinyozi, wa kwanza kufikisha ushindi kumi. Walifika tisa kwa tisa. Katika raundi ya mwisho umeme ukakatika, ukarudi baada ya siku mbili. Juma lile Tufani alipanda ndege kwenda kwenye taji lake la kwanza, na nyumbani kwetu baba aliingizwa hospitali, na Kinyozi hakurudi tena kitini.

"Tufani alikuwa mbele," Sajjad akasema.

"Mbele ya nani? Mbele ya mlango?" akajibu Pervaiz.

Niliwaacha wakiendelea. Kanuni yangu haina kipimo cha mechi isiyo na mwisho.

7 Julai

Mvua ya kwanza. Mama alikaanga bhajia za pakora, na sote tukaketi barazani tukiutazama uchochoro ukigeuka mfereji.

"Kaka, ni kweli kulikuwa na mechi na Tufani?"

"Ilikuwepo," Nauman akasema.

"Nani alikuwa mbele?"

"Nisogezee chatine."

Mama alicheka hadi akajifuta macho. "Mimi nimemuuliza miaka kumi na moja," alisema. "Nilijibiwa hivyo hivyo, chatine ikiwepo au isiwepo."

Kwa miaka yote hiyo nimeuchukua ukimya wa kaka yangu kuwa ni aibu ya mtu aliyeshindwa. Leo nimetambua kwamba ni ukimya wa mtu aliyewekewa kitu akitunze.

11 Julai

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda popote.

15 Julai

Nilikwenda Hall Road. Nauman alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, akilehemu nyuzi ambazo mimi hata kuziona siwezi. Nilimtazama robo saa nzima. Mkono wake haukutikisika hata mara moja.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kwenda ng'ambo. Hakuacha kulehemu.

"Niliomba viza mara mbili. Mara ya kwanza walisema sina mke, sitarudi. Mara ya pili walisema mchezo si kazi."

"Na Tufani?"

"Alikuwa ameoa." Akapuliza moshi wa lehemu. "Harusi yake niliimba mimi."

Nilirudi nyumbani nikaifungua upya kanuni. Katika alama mia, arobaini zinatokana na mashindano ya ng'ambo. Nilikuwa nimepima, kwa usahihi usio na dosari, ni nani aliyegongewa muhuri ubalozini.

17 Julai

Nimebuni kipimo kipya. Nitawauliza wachezaji wanane wa orodha, kila mmoja peke yake, swali moja tu: ulipokuwa katika ubora wako, ni nani uliyemwekea tokeni na kumsubiri, hata mashine nyingine zikiwa tupu? Kaka yangu sitamuuliza.

22 Julai

Saba wamejibu. Sita wamesema Nauman. Mmoja alisema alikuwa akijisubiri mwenyewe. Nimeandika jibu lake kama lilivyo.

Amebaki Tufani.

25 Julai

Amefika Lahore, na moja kwa moja amekuja Ichhra, kabla hata ya kwenda kuwasalimu wakwe. Ni mtu mnene sasa, mwenye mvi za mapema, mkufunzi wa timu huko nchi za Ghuba. Sajjad alimvika shada la mawaridi, Pervaiz akamletea lassi na kumwambia kwamba si ya bure. Nilijitambulisha kwa jina langu kamili na cheo changu, nikampa nakala ya rasimu ya kwanza, ile ya Juni, kwa kuwa ndiyo iliyo rasmi mpaka sasa.

Aliisoma akiwa amesimama. Alipolifikia jina lake hakutabasamu. Aliendelea kushuka kwa kidole.

"Kinyozi wa tisa?"

"Kwa mujibu wa vipimo vya awali, Bhai Imtiaz."

"Vipimo!" Akaikunja karatasi mara nne. "Dogo, sikiliza. Mimi kule naitwa bingwa, napigwa picha, nasaini mashati. Halafu nikilala naiona mashine namba nne. Nina amana humu ndani. Utamchongaje mtu jina juu ya amana?"

Nilimuuliza lile swali langu la tokeni. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jua linachomoza wapi.

"Nani mwingine?" akasema.

Saba kati ya wanane.

Alitaka mechi imaliziwe. Ami Rafaqat akakohoa. Mashine namba nne iko stoo tangu mwaka juzi. Imekufa.

26 Julai

"Sichezi," Nauman alisema. "Nina umri wa miaka thelathini na nne. Vidole vyangu ni vya kulehemu."

Nilimweleza kwamba Baraza haliwezi kuihesabu mechi isiyo na mwisho. Nilimweleza kwamba nikimpandisha kutoka wa tisa hadi wa kwanza bila matokeo, watasema nimempendelea ndugu yangu, na kiti changu kitakwenda na maji. Nilimweleza mambo mengi, kwa mpangilio mzuri.

"Unataka nicheze ili upate kazi?"

"Nataka ucheze," nikasema, "kwa sababu nimekuweka wa tisa."

Alikwenda kulala.

27 Julai

Barabara ya Ichhra imejaa maji hadi magotini. Ami amelalamika kwa simu kwamba stoo yake inavuja, na mashine iko sakafuni.

Nauman aliyasikia maongezi hayo ya simu kutoka chumba cha pili. Alitoka na mkoba wake wa vifaa, akakunja shalwari hadi juu ya magoti, akaingia mvuani bila kuniambia neno.

Nilimfuata. Tuliibeba mashine sisi wawili pamoja na Pervaiz na Sajjad, hao mahasimu wakishika upande mmoja na kutupiana lawama kila hatua. Tuliiweka juu ya matofali. Nauman akaufungua mgongo wake, akachungulia, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemsalimia jamaa wa zamani: "Wamekufanyia nini?"

28 Julai

Kapasita tatu zimebadilishwa. Skrini bado.

30 Julai

Skrini imewaka, rangi ya kijani tupu.

1 Agosti

Rangi zote zimerudi. Amebadilisha vitufe vyote isipokuwa viwili, ambavyo alisema ni vizuri. Kila anaporekebisha kitu hukijaribu, na anapokijaribu hucheza, na leo amekijaribu kwa saa nne. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anafanya mazoezi.

4 Agosti

Siku yenyewe. Naandika kwa utulivu, au angalau kwa mwandiko unaosomeka.

Saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa hadi barabarani. Tufani alivua saa yake ya mkononi akamkabidhi Sajjad. Nauman alifuta vidole kwa kitambaa anachofutia simu. Waliketi, wakapeana mikono, na Ami Rafaqat akatangaza kama hakimu: "Tisa kwa tisa. Raundi moja. Bismillahi."

Walicheza kwa sekunde ishirini hivi. Kisha umeme ukakatika.

Kelele niliyoisikia sijawahi kuisikia hata uwanja wa kriketi. Pervaiz aliilaani kampuni ya umeme na vizazi vyake vitatu. Mtu mmoja akapendekeza jenereta. Ami akamwambia jenereta ni ya harusi. Wale wawili hawakuinuka. Chai ikaletwa.

Kikombe cha kwanza walikimaliza. Katika kikombe cha pili Tufani akasema, "Umenenepa kidogo."

"Mimi?" Nauman akamtazama tumboni. "Kiti chako kinalia, Imtiaz."

Wakaanza kucheka, watu wazima wawili, mabega yakitikisika, chai ikimwagika kwenye visahani. Lakini chai ilikuwa ikipungua. Nilikiona kikombe cha Tufani kimebaki funda moja. Alikishika, akakiinua, akakirudisha chini bila kunywa. Nauman akafanya vivyo hivyo na chake. Hakuna kanuni inayosema mtu anywe haraka. Walikaa hivyo, kila mmoja akilitunza funda lake la mwisho lililopoa, dakika arobaini kwa saa yangu, watu mia wakiwatazama bila mmoja wao kuondoka.

Umeme ukarudi.

Wakameza mafunda yao pamoja. Raundi ikaanza upya. Tufani alikuja kama jina lake, na kwa muda mstari wa uhai wa kaka yangu ulikatwa hadi nusu, kisha robo. Sajjad alikuwa amepanda juu ya benchi. Ndipo nikaona kile nilichoelezwa na nisikielewe: Nauman alirudi nyuma hatua moja, akakwepa, akagusa. Akakwepa tena, akagusa. Kila mguso ulikuwa mdogo kiasi cha kudharauliwa. Unywele. Unywele mwingine. Uso wake ulikuwa ule ule wa Hall Road, akiwa ameinamia nyuzi zisizoonekana, na mkono wake haukutikisika. Tufani alirusha pigo lake kubwa, lile lililompa mataji matatu. Nauman hakuwepo pale lilipofika. Mguso mmoja wa mwisho, na mstari wa Tufani ukawa mtupu.

Kumi kwa tisa.

Sikumbuki nilipanda vipi mabegani mwa Pervaiz. Nakumbuka kwamba mimi, katibu wa Baraza, nilikuwa nikipiga mayowe yasiyo na maneno.

Tufani aliinuka taratibu, akanyoosha mkono kuomba kimya. "Sasa mdomo wangu uko huru," alisema. "Siku ile, umeme ulipokatika, nilikuwa nimebanwa kwenye kona. Uhai wangu ulikuwa kama unyoya. Sekunde mbili zaidi na huyu angenimaliza. Miaka kumi na moja watu wananiita mkubwa kuliko wote, na mimi siruhusiwi kuwajibu."

"Na wewe ulijua?" nilimuuliza kaka yangu.

"Nilikuwa nimekaa pale pale, Tauqeer."

Sajjad alishuka kwenye benchi, akaenda kwa Pervaiz, akaagiza lassi kwa watu wote. Ndilo jambo la ajabu kuliko yote niliyoyaona leo.

9 Agosti

Kikao cha Baraza. Niliwasilisha ripoti kwa dakika ishirini na tano. Bi Nuzhat alisubiri hadi nilipomaliza, akavua miwani.

"Tauqeer, mwezi Juni kaka yako alikuwa wa tisa. Leo ni wa kwanza. Nisome nini hapo?"

"Usome kwamba mwezi Juni nilikosea, Bi Mwenyekiti. Nilipima urefu wa safari nikadhani napima ukubwa. Majibu ya wachezaji wanane yamo katika kiambatisho cha pili, pamoja na sahihi zao. Saba walimsubiri mtu mmoja. Ikiwa ni ndugu yangu, hilo ni kosa la wazazi wangu."

Mjumbe mmoja alicheka, mwenyekiti hakucheka. "Na mechi hii ya tarehe nne? Waraka wake uko wapi? Hakuna mwamuzi aliyesajiliwa, hakuna kumbukumbu rasmi."

Mlango ukafunguliwa. Nilikuwa nimemwomba asubiri nje kwa heshima, lakini uvumilivu si miongoni mwa sifa zake.

"Waraka ni mimi," Tufani alisema. "Mimi ndiye niliyeshindwa. Mtapata shahidi gani bora?"

Bi Nuzhat alivaa miwani, akausoma ukurasa wa mwisho mara ya pili. Kisha akachukua kalamu ya bluu, si nyekundu, akasaini.

14 Agosti

Bendera kila paa, na mbingu nyeusi upande wa mashariki. Kombe lilifunuliwa saa nne asubuhi: Nauman Mahmood, Kinyozi. Mama aliligusa lile jina kwa kidole, herufi moja moja, kisha akamwambia fundi aliyelichonga kwamba amefanya vizuri. Bi Nuzhat alinipa barua, na haikuwa ile ya kushukuru. Ninaanza kazi wiki ijayo, kwa mshahara kamili.

Wapiga picha walipomtafuta mshindi, hakuwepo.

Nilijua pa kumpata. Ukumbi wa Ami Rafaqat ulikuwa umefungwa kwa sikukuu, lakini pazia la chuma lilikuwa limeinuliwa hadi kiunoni. Niliinama nikapita. Mapangaboi yalikuwa yakizunguka. Nauman alikuwa ameketi kwenye mashine namba nne, kwenye kiti cha mshindi. Kwenye ukingo, chini ya kioo, ilikuwako tokeni moja, na nyuma yake Tufani alikuwa amesimama mikono mgongoni, akisubiri zamu yake, katika ukumbi usio na mtu mwingine.

"Unasubiri tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu tarehe nne," akasema Tufani. "Huyu bwana alikuwa na shughuli za kombe."

Kaka yangu aliichukua ile tokeni, akaiangusha ndani ya mashine. Nje mvua ikaanza, kubwa, ya kupiga bati. Sote watatu tukainua macho kwenye taa. Taa hazikutikisika.

"Msomi," Nauman akasema bila kugeuka, "kaa hapo uhesabu vizuri. Wa kwanza kufika kumi."

Nilivuta kiti cha plastiki cha Ami, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika majina yao mawili yakiwa sambamba, na chini ya kila jina, sifuri.